Picha ya wodini huchaguliwa ukiwa umelala chali

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mpiga picha, nipo Njombe. Napiga harusi, komunio na vipaimara, na nikipata nafasi napiga mandhari. Hospitali moja ya misheni huku kwetu imeniomba picha 14 kubwa za mandhari na maua kwa ajili ya mapokezi, wodi ya wazazi, wodi ya watoto na wodi ya upasuaji ya wanaume. Mganga mfawidhi ameona kazi zangu kwenye simu akazipenda: mashamba ya chai yenye ukungu, msitu wa paini, mianzi, na kinyonga niliyempiga kwa karibu sana. Kamera yangu ni ya megapikseli 24. Nataka nizichapishe kwenye kanvasi kama za hotelini. Je, picha hizo zinafaa? Nizichapishe kwa ukubwa gani, na nitoze vipi?

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongera kwa kuaminiwa. Kati ya picha ulizozitaja, ya kwanza kuitoa ni ya kinyonga, na nina sababu.

Miaka kadhaa iliyopita nilitundika kinyonga kwenye wodi ya watoto, hospitali ambayo sitaitaja. Ilikuwa picha nzuri. Kijani cha mgongoni kilififia kikawa samawati shingoni, jicho moja limegeukia juu, mkia umejiviringa. Siku ya tatu matroni akanipigia simu. Vitanda viwili vilivyokuwa karibu na ile picha vilikuwa vitupu, na upande wa pili wa wodi watoto walikuwa wamelala wawili wawili. Bibi mmoja alimbeba mjukuu wake usiku, chupa ya dripu mkononi, akamhamisha wakati nesi ameenda kuchukua dawa, na wenzake wakamfuata. Mimi nilikuwa nimewaza rangi. Bibi yeye aliwaza yale ambayo wengi wetu tumeambiwa tangu utotoni kuhusu kinyonga. Nilikwenda na bisibisi yangu nikaiteremsha mwenyewe, na gharama ya kuchapisha ikawa yangu.

Kwa hiyo kinyonga, bundi, fisi na nyoka wabaki kwenye albamu. Hata simba na chui wanaokodoa macho waache. Mtu aliyefungwa dripu hawezi kukimbia, na hilo mwili wake unalijua hata kama akili inajua kuwa ile ni karatasi tu.

Sasa turudi mwanzo, kwa sababu wewe na mganga mfawidhi mmeanza na simu, na simu ndiyo imewapoteza. Yeye alizitazama akiwa amesimama au amekaa ofisini, ana afya yake, kila moja kwa sekunde tatu. Mgonjwa ataitazama moja hiyo hiyo kutwa nzima, amelala chali, hana pa kwenda. Hizo ni kazi mbili tofauti. Muombe matroni ulale kwenye kitanda kitupu kwa nusu saa, bila simu, halafu uende kitanda cha kona, halafu wodi nyingine. Watakucheka kidogo. Waache wacheke.

Mimi somo hili nilifundishwa na mguu wangu. Nilivunjika paja, nikakaa wodini siku 41, mguu umevutwa kwa uzito unaoning'inia mwishoni mwa kitanda, kugeuka siwezi. Ukutani mbele yangu palikuwa na kalenda iliyopitwa na miaka miwili, imeachwa pale kwa sababu ya picha yake: ziwa la huko Ulaya, mlima nyuma, boti nyekundu imefungwa ufukweni, na kijia kinachopanda na kupotelea nyuma ya nyumba. Wiki ya kwanza niliidharau, niliona ni picha ya dukani. Wiki ya tatu nilikuwa nimeshapanda kile kijia mara nyingi, nimeshaamua nani anaishi kwenye ile nyumba, na nimehesabu madirisha yake: saba. Jirani yangu, dereva wa lori aliyevunjika nyonga, alishikilia kwamba ni manane, la nane limezibwa nusu na mti. Tulibishana siku mbili, na kwa siku hizo mbili sikumbuki kama niliomba dawa ya maumivu kabla ya saa yake.

Nilipotoka nilikuwa mpiga picha mwingine. Picha ninazozipenda mimi, zile za kishindo, zinazokupiga usoni na kwisha, hazifai mahali pale. Pale inatakiwa picha ya kukaa nayo. Iwe na njia ya kuingilia: kijia, mto, mstari wa ufukwe, kitu cha kulipeleka jicho mbali. Iwe na nafasi wazi mbele, mti au miti pembeni, na mbali kuwe na kitu kidogo ambacho mtu hakioni siku ya kwanza. Ngalawa moja, moshi wa jiko, ng'ombe watatu. Hivyo ndivyo picha inavyodumu.

Ukilala pale kitandani utayaona na mengine ambayo hakuna kitabu cha picha kitakachokuambia. Utaona kwamba picha iliyo juu ya kichwa chako si yako, ni ya mgonjwa wa mbele yako. Ya kwako ni ile iliyo juu ya kichwa chake. Kwa hiyo wodi yenye safu mbili za vitanda haihesabiwi kwa vitanda bali kwa macho: nani anatazama wapi. Utaona rangi ya mafuta iliyopakwa nusu ya chini ya ukuta ili pasafishike, na kwamba picha ikikaa juu ya mpaka wa rangi ile inaonekana imetulia, ikiukata inaonekana imebandikwa kwa haraka. Utaona stendi za dripu zinakatiza. Utaona dirisha likimulika vioo vyote vya ukuta wa pili kuanzia saa nne asubuhi, na fremu ya kioo inageuka kuwa kioo cha kujitazamia.

Halafu rudi jioni saa kumi na mbili, wakati vyandarua vinashushwa. Hili wapiga picha wengi hawalijui. Kuanzia saa ile hadi asubuhi mgonjwa anaitazama picha yako kupitia chandarua, chini ya taa za mirija. Majani madogo madogo yote yanayeyuka na kuwa uji. Kinachobaki ni maumbo makubwa: mstari wa mlima, kivuli cha mti mmoja, weupe wa maji. Picha zako zijaribu hivyo hivyo nyumbani. Tundika chandarua, kaa mita tatu nyuma yake, zima taa kubwa. Picha inayosomeka hapo, na mchana bado ina vitu vidogo vya kugundua, hiyo ndiyo ya wodini. Zangu nyingi zilianguka mtihani huo.

Unaweza kuulizwa na bodi ya hospitali kama kuna ushahidi wowote, au ni mapambo tu. Upo, ila usiutie chumvi. Mwaka 1984 mtafiti Mmarekani Roger Ulrich alichapisha katika jarida la Science matokeo ya kupekua mafaili ya wagonjwa waliofanyiwa upasuaji wa mfuko wa nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania kati ya 1972 na 1981. Aliwalinganisha 23 ambao dirisha lao lilitazama miti na 23 waliotazama ukuta wa matofali. Waliotazama miti waliruhusiwa mapema kidogo, tofauti ya chini ya siku moja kwa wastani, na walitumia dawa kali za maumivu chache kuliko wenzao. Angalia: ni watu 46, na ni dirisha, si picha. Ndiyo maana simwambii mganga yeyote kwamba picha zangu zinaponya.

Utafiti unaotuhusu zaidi sisi ni ule wa baadaye, alioufanya Ulrich na wenzake katika hospitali ya chuo kikuu cha Uppsala, Sweden, ukatolewa mwaka 1993. Wagonjwa 160 waliotoka kwenye upasuaji wa moyo waliwekewa kitu cha kutazama mbele ya kitanda: wengine maji na miti mahali pa wazi, wengine msitu mnene wenye kivuli, wengine michoro isiyo na maana ya moja kwa moja, wengine ubao mweupe, wengine hawakuwekewa chochote. Waliopata maji na miti ya wazi ndio waliokuwa na wasiwasi mdogo zaidi. Waliowekewa mchoro wa mistari iliyonyooka na pembe walikuwa na wasiwasi kuliko hata waliotazama ukuta mtupu. Yaani picha mbaya ni mbaya kuliko kukosa picha. Na ule msitu mnene, ingawa ni uoto wa asili, haukufanya kazi kama yale maji ya wazi.

Hapo ndipo paini zako zinapoingia matatani. Nimepita misitu ile ya huko kwenu. Ni safu za nguzo nyeusi, chini hakuna jani, mbele giza. Kwa mtazamaji mzima ni picha yenye haiba. Kwa mtu anayeamka saa nane usiku kutoka kwenye nusukaputi, ni mahali ambapo hajui nani atatokea nyuma ya mti. Ukitaka paini, zipige ukiwa ukingoni, jua limeingia ubavuni, na njia inatoka nje ya msitu kwenda kwenye mwanga.

Ukungu je? Kwenye kalenda ya Dar es Salaam ukungu wa Njombe ni mzuri sana, watu wanakufa kwa joto. Kwenye wodi ya Njombe mwezi wa saba, mgonjwa kajifunika blanketi mbili, ukungu ni baridi juu ya baridi. Hapo weka jua. Hata taa ya wodi yenyewe ni ya baridi, kwa hiyo picha yenye mwanga wa saa moja asubuhi inaongeza joto la macho. Ila usiniletee jua linalozama likiwa peke yake katikati, jekundu. Kuchwa kwa jua hospitalini kuna watu watakaokusoma vibaya, na sitawalaumu.

Na chai. Chai nilikuwa naipenda hadi siku nilipomsikia mama mmoja aliyelazwa akimwambia mwenzake, huku anaitazama picha: "Hata huku wametuletea kazi." Kwa mtalii shamba la chai ni zulia la kijani, kwa mchumaji ni kilo. Wagonjwa wako wengi watakuwa wachumaji, au wana mchumaji nyumbani. Sisemi uifute kabisa. Iweke mapokezi ikiwa mbali, chini ya mlima, kama sehemu ya nchi. Wodini usiiweke kwa karibu, mistari kwa mistari. Mianzi nayo ukiiweka wodi ya wanaume utani wa ulanzi, ile pombe ya mianzi, hautaisha, na sijui kama daktari anayewakataza pombe atakushukuru. Mimi ningeiweka hata hivyo. Kicheko si kitu kibaya wodi ya upasuaji, mradi mshono umeshika.

Unachokosa kwenye orodha yako ni maji. Shuka Ludewa ukapige Ziwa Nyasa alfajiri kabla upepo haujaamka, maji yametulia, milima ya ng'ambo imelala mbali. Ndiyo ile picha ya Uppsala, ila ya kwenu. Maji yawe tulivu. Maporomoko yana kasi na kelele hata yakiwa kimya, na yana hatari nyingine niliyoijua kwa aibu: niliwahi kuweka maporomoko makubwa mbele ya benchi la kusubiria altrasaundi. Wanaosubiri pale wengi ni kina mama walioambiwa wanywe maji mengi na wasiende haja ndogo mpaka waitwe. Mpokeaji aliigeuza picha ikatazama ukuta wiki ile ile.

Wodi ya wazazi ndiyo inayohitaji moyo kuliko zote. Kila mtu atakushauri uweke twiga na ndama wake, ndege anayelisha makinda, tembo na mtoto. Usikubali. Katika wodi ile ile analala aliyejifungua salama, aliyeharibikiwa na mimba, na aliyejifungua mtoto asiyelia. Wote watatu watatazama ukuta mmoja. Weka maua na nchi ya wazi, basi. Picha za mama na mtoto, ukizitaka, ziende kliniki ya chanjo, ambako kila mtu amekuja na mtoto wake mgongoni.

Kwenye wodi ya watoto, wao wanataka kuhesabu. Kundi la pundamilia au twiga watano mbalimbali, wanatazama pembeni, wamekula wameshiba, hakuna anayemfukuza mwenzake. Tundika chini kuliko unavyodhani, usawa wa kifua chako, wafike kuonyesha kwa kidole. Watagusa, na ndiyo maana nitakuja kusema habari za kufuta.

Kabla hujachagua maua, waulize wafanya usafi wa hospitali. Nasema wafanya usafi kwa sababu ni wenyeji, wanatoka vijiji vyote, na hawana haja ya kukupendeza. Waonyeshe picha ndogo, uliza: hii ungeiweka chumbani kwa mama yako akiwa anaumwa? Kila mahali pana mmea wake wenye maneno. Kwa Wachaga jani la isale ni la kuombea msamaha, na isale hupandwa penye makaburi; mpiga picha mgeni angeliona ni jani zuri la kijani tu. Mbuyu uliopukutisha majani, kwa wengi ni makao ya mizimu, na hata asiyeamini mizimu anaona mti uliokufa. Maua yawe hai, yamechanua, yako ardhini yalipoota. Ua lililokatwa likawekwa kwenye chombo linanyauka hata pichani. Hospitali ni ya misheni, lakini wagonjwa ni wa dini zote: uliza kibla, huku kwetu ni upande wa kaskazini, na ukuta huo uwe wa mimea na maji tu, maana wapo Waislamu wasiopenda kuswali wakielekea picha za viumbe wenye roho.

Na kama kuna dirisha linalotazama kitu kizuri, usishindane nalo. Huko Butaro, kaskazini mwa Rwanda, kuna hospitali iliyofunguliwa mwaka 2011 ambayo wodini vichwa vya vitanda vimeegemea ukuta mfupi wa katikati, na kila mgonjwa anatazama dirishani, vilima vyote mbele yake. Hapo mpiga picha anaitwa kufanya nini? Ukikuta kwako kitanda kimelipa mgongo dirisha lenye bustani, mshauri matroni akigeuze kwanza, halafu picha utundike kwenye ile kona ambayo haina dirisha. Utapoteza picha moja ya kuuza. Watakuita tena.

Kuhusu kanvasi jibu ni hapana. Hotelini ni sawa, hospitalini hapana. Ni kitambaa, kinanyonya, kinashika vumbi, na hakifutiki kwa klorini. Hospitali zetu zinafuta kwa klorini ya asilimia 0.5, na picha isiyostahimili hiyo, msimamizi wa kuzuia maambukizi ataiteremsha kihalali. Karatasi ndani ya fremu ya kioo nayo ina matatizo: inamulika, inapasuka, na nyuma yake mende na buibui wanajenga. Akriliki ni nzuri kwa macho, ila ikifutwafutwa kwa spiriti hufanya nyufa ndogo ndogo kama utando.

Mimi nimetulia kwenye ubao wa alumini wa milimita 3, ule mafundi wa mabango wanaouita Alucobond. Picha inachapwa kwenye stika ya vinaili, juu inapigwa laminesheni, yaani utando wa plastiki wa kuikinga, isiyong'aa, kisha inabandikwa kwenye ubao na kingo zinazibwa. Sisitiza isiyong'aa, fundi atakupa ya kung'aa kwa sababu ndiyo anayoipenda kila mtu, na rangi kweli zinapendeza zaidi, lakini utakuwa umerudi kwenye kioo. Ufunge kwa skrubu pembe nne na kuziba silikoni kuzunguka, pasibaki upenyo nyuma.

Usimwamini fundi kwa maneno. Mwambie akutengenezee kipande cha ukubwa wa kiganja, kikate viwili. Kimoja kiweke kabatini. Kingine kifute mara tatu kwa siku kwa wiki mbili. Jik ya asilimia 3.5, sehemu moja kwa sehemu sita za maji, inakupa ile 0.5. Kisha viweke sambamba dirishani. Ukiona kona imeinuka au bluu imepauka, badilisha fundi au wino. Na picha zikitoka kuchapwa zinanuka kemikali. Ziache zimekaa wazi kwenye chumba chenye hewa siku kadhaa kabla ya kuzipeleka, hasa za wodi ya watoto na ya wazazi.

Megapikseli zako 24 zinatosha, usikope hela kununua kamera nyingine. Picha ya pikseli 6000 kwa 4000 ukiichapa kwa nukta 150 kwa inchi inakupa karibu sentimita 101 kwa 67, na kwa mtu aliye mita tatu hata nukta 100 hatazijua. Tatizo lako litakuwa giza. Monita zetu huwa tunaziwasha kali mno, tunaona picha ina mwanga wa kutosha, ikichapwa inatoka kama imepigwa magharibi. Punguza mwanga wa monita hadi ufanane na karatasi nyeupe iliyo pembeni yake, kisha chapa ukanda mmoja wenye picha tatu ndogo: kama ilivyo, iliyoongezwa mwanga kidogo, na iliyoongezwa zaidi. Uende nao wodini, uushike ukutani chini ya taa zao, si studio kwako. Karibu kila mara nimeishia kuchagua ile ya kati. Piga faili la RAW, yaani faili ghafi la kamera, tumia stendi ya miguu mitatu, funga tundu la lenzi kwenye f/8 au f/11 ili vya karibu na vya mbali vyote vionekane. Ule ukungu wa makusudi nyuma ya ua tunaoupenda kwenye harusi, hapa upunguze. Mtu mwenye dawa nyingi mwilini anajitahidi kuona vizuri, usimpe kitu ambacho hakitaonekana vizuri kamwe.

Sehemu moja ambayo hawakukuomba, na ningekuwa wewe ningeitaja: dari ya njia ya kwenda chumba cha upasuaji. Alvar Aalto, msanifu majengo Mfini, alipojenga hospitali ya kifua kikuu ya Paimio iliyomalizika 1933 alipaka dari za vyumba vya wagonjwa rangi ya kijani tulivu, kwa sababu alijua anayelala anatazama juu. Aliye kwenye machela anaona taa, taa, taa, bomba, taa. Ubao mmoja wa matawi yaliyopigwa kutoka chini, anga katikati, unatosha, ila ufungwe na fundi anayejua dari, na usiwe karibu na feni.

Idadi: 14 ni nyingi. Wodi ya wanaume ipe nne kubwa badala ya nane ndogo, wazazi tatu, watoto mbili, mapokezi moja tu lakini kubwa, na moja ya dari. Jumla 11. Chini ya kila moja andika jina la mahali kwa herufi kubwa zinazosomeka kitandani: "Ziwa Nyasa, Ludewa". Utashangaa mazungumzo yanayozaliwa na kibao kile. Mtu atasema shangazi yangu ameolewa hapo, na jirani ataanza kuuliza ni kwa nani.

Bei siwezi kukutajia kwa sababu sijui fundi wako yuko wapi na usafiri ni kiasi gani. Ila igawe: siku za kupiga, majaribio, uchapaji na ubao, usafirishaji, ufungaji, na haki ya kuitumia picha. Hospitali ya misheni itakuomba punguzo, na utatamani kutoa. Toa kwenye ujira wako, usitoe kwenye laminesheni. Andikeni kwamba wananunua picha za kutundika kwenye jengo lile, na faili linabaki lako; wakitaka kuitumia kwenye kalenda au kadi za Krismasi mtazungumza upya. Malipo ya awali yatoshe kumlipa fundi kikamilifu, maana afisa manunuzi akienda likizo wewe ndiye utakayekuwa unadaiwa.

Kwa maua, nenda Kitulo, uwanda ule ambao wenyewe wanauita Bustani ya Mungu. Maua hushika kati ya Desemba na Aprili. Ni hifadhi ya taifa, na picha za biashara zina utaratibu wake wa kibali, kwa hiyo pita ofisini kwao kwanza, usijifanye mtalii. Piga ukiwa umechuchumaa, maua karibu, uwanda unakwenda mbali hadi kwenye vilima. Saa za mwanzo za asubuhi utapata mwanga na utapata baridi; vaa sweta mbili, na betri ya akiba iweke mfuko wa ndani karibu na mwili, la sivyo itakufia kabla jua halijatoka.